Kawia ufike: hali ya hewa inapogeuka siku za mwisho za likizo

Kila Idi inapokaribia, familia nyingi za Kiislamu za mijini hupanga safari. Wapo wanaorudi vijijini kwao, wapo wanaovuka bahari kwenda kuwaona ndugu wa visiwani, na wapo ambao, kwa kadiri walivyojaaliwa, huwachukua watoto na wazee wao wakapumzike ufukweni siku chache. Ni jambo jema. Udugu huungwa, watoto huwajua jamaa zao, na mwili uliofunga mwezi mzima hupata nafasi ya kutulia.

Lakini mwaka huu Idi iliangukia mwishoni mwa Machi, nao ni wakati wenye sharti lake. Upepo wa kaskazi unaaga, masika yanabisha hodi, na bahari haijaamua itamtii nani. Tulikwenda Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, kwa siku saba, tukakaa tisa. Tunayasimulia yaliyotupata katika siku hizo za mwisho, si kwa kuwa ni makubwa, bali kwa kuwa tunaamini yamewahi kuzipata nyumba nyingi, na huenda yakazipata nyingine.

Siku tano za shwari

Tulikuwa watu saba: sisi wazazi wawili, watoto watatu, mama yetu mzazi ambaye watoto humwita Bibi, na shangazi yetu. Shangazi alikuwa hajavuka bahari kwa miaka mingi. Tulimshawishi tangu Rajabu, akakubali katikati ya Ramadhani, kwa sharti moja kwamba tusisafiri usiku.

Tulivuka siku ya pili ya Idi, mchana, na bahari ilikuwa kama sinia. Huko Jambiani tulifikia katika nyumba ya jamaa, vyumba vitatu na uwa, hatua mia moja kutoka majini. Kaskazi ilikuwa imelegea. Joto lilikuwa kali tangu saa tatu asubuhi, mbingu ilikuwa safi, na usiku nyota zilionekana mpaka ukingoni mwa bahari. Watoto waliamka wenyewe kwa ajili ya swala ya Alfajiri, jambo ambalo nyumbani huhitaji kubembelezana, kwa kuwa walijua ikishasaliwa ruhusa ya kwenda pwani imepatikana.

Jambo lililowashangaza zaidi ni maji kupwa. Upande huo wa kisiwa una mwamba unaokinga pwani kwa mbali, na kati ya mwamba na mchanga kuna maji mafupi. Siku za bamvua, ifikapo saa nne asubuhi, maji hutoka kabisa, na mtu akatembea kwa miguu kuelekea mwambani huku akiwatazama kaa, viti vya pweza na mashamba ya mwani. Ikifika alasiri maji yamerudi na kugusa ngazi za nyumba. Mtoto wetu mdogo aliuliza nani anayafungulia. Tukamwonyesha mwezi, ambao ulikuwa bado mwembamba upande wa magharibi. Mwezi ule ule ambao watu walipanda juu ya mapaa kuutafuta ili wajue kama kesho ni Idi ndio uliokuwa, kwa amri ya Muumba wake, ukiivuta bahari. Mwezi unapoandama na unapotimia, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, tukapata bamvua. Unapofika nusu, huvuta pande mbili mbalimbali, tukapata maji mafu. Kwa hiyo anayejua tarehe ya mwezi wa Kiislamu anajua pia, bila ya kuuliza, bahari itakuwaje wiki hiyo.

Shangazi alikuwa akifunga sita za Shawwali. Jioni tulikaa naye uwani kumngoja afuturu, na siku hizo tano zikapita kama siku moja.

Mvuvi aliyekataa kutoka

Mzee mmoja mvuvi, mwenye ngalawa, alikuwa amewaahidi watoto kwamba siku ya sita atawatoa nje ya mwamba wakavue kwa mshipi. Walilala na furaha hiyo. Alfajiri tulimkuta amekaa juu ya ngalawa yake iliyokwisha kuvutwa juu mchangani kuliko kawaida.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, wanangu. Hamjambo? Leo hatutoki.”

Tulitazama bahari. Upepo haukuwapo hata wa kutikisa ukuti. Watoto wakatutazama sisi, kama kwamba sisi ndio tungeweza kumlazimisha.

“Msitazame,” alisema. “Sikilizeni.”

Tukasikiliza. Kutoka mbali kulikuwa na ngurumo isiyokatika, nzito, kama lori linalopanda mlima. Ulikuwa mwamba. Mawimbi marefu yalikuwa yakija kutoka kusini na kuupiga, ingawa papo tulipokuwa hapakuwa na upepo.

“Upepo wenyewe haujafika,” alisema, “lakini mawimbi yake yametangulia. Na lile wingu la kusi mnaliona? Kaskazi imekufa, kusi haijazaliwa. Hapa katikati hakuna mwenye amri. Mimi watoto wa watu siwatoi.”

Mtoto wetu wa kati alinuna, akasema bahari imelala na mzee anaogopa bure. Mzee hakukasirika. Alimjibu kwamba yeye anaogopa tangu hajaoa, na ndiyo sababu ana wajukuu.

Ilipokaribia adhuhuri, wingu lile lilikuwa limefunika nusu ya mbingu. Upepo ulikuja kwa mkupuo mmoja, ukageuza nguo kwenye kamba, ukaangusha viti vya plastiki vya nyumba ya wageni ya jirani na kuzima umeme. Kisha mvua. Baada ya dakika arubaini jua likatoka, mchanga ukafuka mvuke, watoto wakakimbilia majini. Kabla ya Alasiri ikanyesha tena. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku nzima: jua, mvua, jua, mvua, na baina yake upepo usio na upande.

Kwa nini pepo hugeuka

Wazee wa mwambao waliugawa mwaka kwa pepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Disemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, hujikusanya tangu Aprili na kushika nguvu kati ya Juni na Agosti. Ndizo pepo zilizovileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi na kuvirudisha. Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi ambacho wazee hukiita malelezi au tangambili, ambapo upepo hauna msimamo, na humo ndimo masika hunyesha.

Sababu yake ni jua. Tarehe 20 au 21 Machi jua huwa juu ya Ikweta, likielekea kaskazini. Pale joto lilipo kali zaidi, hewa hupanda, na hewa ya kaskazini na ya kusini hukimbilia kujaza nafasi yake. Ukanda huo wa makutano hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo, nao hupita juu ya pwani yetu katika majuma hayo hayo. Ukiwa juu yetu, hakuna upepo unaotawala. Mawingu hujengeka kwa saa chache, humwaga mvua kubwa mahali padogo, na huondoka. Mtu wa Jambiani aweza kulowa na wa Makunduchi akaanika nguo. Aprili, kwa kawaida, ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Unguja.

Hapa kuna jambo ambalo sisi Waislamu tunapaswa kulikumbuka zaidi ya wengine. Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, hivyo Idi huzunguka misimu yote. Idi ya mwaka huu ikiwa imeangukia mwishoni mwa Machi, baada ya miaka mitatu hivi itakuwa imerudi hadi mwishoni mwa Februari, ndani ya kaskazi. Anayesema “Idi iliyopita bahari ilikuwa shwari” hajasema kitu kuhusu Idi hii. Wahenga walilijua hilo. Ibada zao walizihesabu kwa mwezi, lakini kilimo na safari za baharini walizihesabu kwa mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, wakizipanga kumi kumi na kuziita miongo. Mwaka Kogwa unaoadhimishwa Makunduchi kila Julai ni kumbukumbu ya hesabu hiyo.

Mwani juu ya majamvi

Siku hiyo ya sita, mvua ya kwanza ilipoanza kudondoka, tulisikia sauti ya jirani yetu, mama wa makamo, akiita watu. Mwani wake ulikuwa umeanikwa juu ya majamvi na makuti, mavuno ya bamvua nzima. Tulitoka sote, hata Bibi. Watoto ambao dakika chache nyuma walikuwa wakilalamika kwamba likizo imeharibika walikuwa wakishika ncha za majamvi na kusukuma mwani ndani ya magunia. Tuliokoa kama nusu. Ulobaki ulilowa.

Baada ya hapo alituketisha barazani kwake, akatueleza. Mwani hutaka siku mbili au tatu za jua. Ukinyeshewa, chumvi huondoka, rangi hupauka, na mnunuzi ama hupunguza bei ama huukataa. Kilimo hiki kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kwa wengi wao ndiyo fedha ya kwanza waliyoishika mikononi mwao wenyewe, wakalipia ada, wakaezeka nyumba. Sasa bahari imekuwa na joto zaidi, na aina ile ya mwani yenye bei nzuri imekuwa ikifa katika maji mafupi.

Tulimpa pole. Akacheka kidogo.

“Msinipe pole sana,” alisema. “Nina shamba la muhogo kule juu. Mvua hii hii nimeiomba tangu Shaabani. Sasa imekuja, nitasema imekosea njia?”

Tulinyamaza. Sisi tulikuwa tumeitazama mvua ile kama mgeni mkorofi aliyevunja starehe yetu. Mwenyewe aliyepoteza kazi ya wiki mbili aliiona ni neema iliyochukua kitu kimoja na kuleta kingine. Usiku ule tulipowakumbusha watoto dua aliyotufundisha Mtume (S.A.W.), ya kumwomba Mwenyezi Mungu aijaalie mvua iwe yenye manufaa, mtoto yule aliyenuna asubuhi aliuliza kama aombee muhogo au mwani. Bibi akamwambia aombe manufaa, na Mwenye kuyajua atayagawa.

Tiketi mkononi

Siku ya saba tulifunga mizigo mapema, tukapita Jozani katika mvua na kufika mjini kabla ya saa nne. Bandarini tulikuta watu wamejaa na boti imefungwa gatini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetoa angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili. Tangazo lilikuwa limetoka siku mbili kabla. Sisi, ambao kila usiku tulikuwa tukitumiana picha za watoto kwa simu zile zile, hatukuwa tumefungua taarifa hata moja ya hali ya hewa tangu Idi.

Dirishani hapakuwa na jibu. Boti ingeondoka mchana, kisha jioni, kisha kesho, Mungu akipenda. Kama tiketi zingekubaliwa kesho au tungelipa upya, hakuna aliyetueleza. Watu walipandisha sauti. Mwingine alikuwa na mgonjwa, mwingine mwanafunzi, mwingine nyanya za biashara zilizoanza kuoza.

Nasi tulikuwa na yetu. Ruhusa ya kazini ilikwisha siku ile. Fedha zilibaki za nauli ya nyumbani tu. Na dawa za presha za Bibi zilibaki mbili, kwa kuwa tulihesabu siku saba na tukabeba za siku nane.

Hapo ndipo alipotujia kijana mmoja, mpole, mwenye kofia ya mkono. Alituamkia vizuri. Alisema lipo jahazi linaloondoka usiku kutoka bandari bubu upande wa kaskazini kwenda Bagamoyo. Ni kubwa, mabaharia wake wazoefu, nauli si kitu, na alfajiri tutakuwa bara.

Tukikiri ukweli, tulikuwa tumekubali. Tulisimama pembeni tukazihesabu fedha. Tulijiambia kwamba wazee wetu walisafiri kwa majahazi, kwamba ajali ni kadari, kwamba dawa za mama haziwezi kungoja. Kila hoja ilionekana ya busara ilipokuwa ikisemwa.

Aliyosema Shangazi

Shangazi alikuwa amekaa juu ya begi, siku yake ya sita ya funga. Hakuwa amesema neno tangu Jozani.

“Wanangu,” alisema, “mimi sipandi. Na hawa watoto hawapandi.”

Tulimweleza habari ya dawa na ya kazi. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo katika nyumba yetu halisemwi mara kwa mara. Mwanawe alikuwa miongoni mwa waliopanda Mv. Skagit tarehe 18 Julai 2012. Alikuwa amekuja Dar es Salaam kumtazama mama yake, akawa anarudi Unguja. Alimpigia simu kutoka bandarini, akamwambia bahari imechafuka lakini boti inaondoka.

“Nilimwambia, ngoja kesho. Akaniambia, mama, nina haraka, kazini watanitafuta.” Akanyamaza. “Kazi ile walimpa mtu mwingine baada ya wiki mbili.”

Hakuongeza. Hatukuongeza. Tulimrudia yule kijana tukamshukuru, tukamwambia hatuendi. Jahazi lile kama lilitoka au halikutoka, kama lilifika salama au la, hatukupata kujua, na hatudhani ndiyo hoja. Kufika salama kwa aliyejitia hatarini hakukuwi dalili kwamba alitenda sawa.

Tulikwenda Ng'ambo kwa jamaa mmoja ambaye hatukuwa tumemtembelea Idi nzima, akatupokea kana kwamba alikuwa akitungojea. Dawa za Bibi tulizipata katika duka la dawa mitaa miwili kutoka hapo, kwa kumwonyesha mhudumu kasha la zamani. Ilituchukua robo saa. Kazini tulituma ujumbe wa kueleza tulipokwama, na majibu yalikuwa maneno mawili: “Fikeni salama.” Mambo yale matatu ambayo saa chache kabla yalikuwa yakitusukuma kupanda jahazi usiku yaliondoka kama yasiyokuwapo. Hatukuwa tumeyauliza tu.

Bahari ina kumbukumbu

Tunaandika haya tukijua kwamba watu wa mwambao hawahitaji kufundishwa hatari ya bahari. Mv. Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake. Haukupita mwaka ikafuata Skagit, karibu na Chumbe, katika upepo mkali. Karibu kila mtaa wa Unguja na Pemba una nyumba iliyoguswa.

Ama kuhusu dhoruba kubwa, ni kweli kwamba vimbunga haviji kwetu mara kwa mara, kwa kuwa tuko karibu na Ikweta ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuzisokota pepo. Lakini huja. Tarehe 15 Aprili 1872, enzi ya Seyyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja kikavunja vyombo vya Sultani na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo shina la karafuu. Aprili 1952 kimbunga kiliingia nchi kavu karibu na Lindi. Na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Msomaji atazame miezi hiyo: Aprili, Aprili, Mei. Vyote vitatu vilikuja katika kipindi hiki hiki ambacho pepo zinabadilishana zamu.

Swala ya aliyezuiliwa

Jambo jingine tulilojifunza ni la ibada. Jambiani tulikuwa tukisali kamili, kwa kuwa katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, msafiri aliyekusudia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, huacha kupunguza swala. Sasa tulikuwa mjini, tumekwisha toka kwa nia ya kurudi Dar es Salaam, hatujui tutaondoka saa ngapi wala siku gani. Tulimuuliza imamu wa msikiti wa karibu. Alitueleza kwamba msafiri anayengoja jambo analotarajia litimie wakati wowote, kama vile aliyezuiliwa na upepo, anaruhusiwa kupunguza hadi siku 18.

Tulifurahi kusikia mfano huo wa upepo. Wanazuoni wa zamani walimfikiria mtu aliyekaa bandarini akiitazama bahari, wakamwekea nafasi katika dini. Kungoja kwake hawakukuhesabu kuwa ni uvivu wala upungufu wa tawakkul. Na ile hadithi ya ngamia inayojulikana na wengi wetu, ya kumfunga kwanza na kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu, haihusu ngamia peke yake.

Ya kuzingatia kabla ya safari

Kwa ajili ya familia zitakazosafiri katika msimu huu, tumeona tuyaorodheshe machache yaliyotufunza.

Kwanza, siku ya kurudi isiwe siku ya mwisho ya ruhusa. Anayetakiwa kazini au shuleni Jumatatu, apange kuvuka Ijumaa au Jumamosi asubuhi, ili hata boti ikizuiliwa awe na nafasi.

Pili, dawa za mgonjwa wa kudumu ziwe na akiba ya wiki nzima zaidi, na kasha lake au cheti cha daktari kiwe ndani ya mkoba wa mkononi.

Tatu, itengwe fedha ya siku mbili za ziada isiyoguswa. Fedha hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kusema hapana kwa nauli rahisi ya bandari bubu.

Nne, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zifuatiliwe kila siku, hasa za siku tano zijazo. Zina ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Angalizo pia lina maana yake, tusingoje nyekundu.

Tano, kabla ya kulipa tiketi, iulizwe wazi: safari ikiahirishwa, tiketi itatumika kesho? Nauli itarudishwa? Na mkiwa ndani, watoto waonyeshwe jaketi okozi zilipo na zinavyovaliwa kabla chombo hakijang'oa nanga.

Sita, asikilizwe mwenyeji. Mvuvi anayekataa fedha ya mgeni ana sababu.

Siku ya tisa

Tuliondoka asubuhi ya siku ya tisa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha sana, lakini alfajiri upepo ulitulia na angalizo likaondolewa. Tiketi za zamani zilikubaliwa. Bahari ilikuwa na mawimbi mafupi, yasiyo na hasira, na jua lilikuwa likipenya mawingu kwa vipande vipande. Watoto waligombania dirisha.

Boti ilipoupita mnara wa taa wa Chumbe, Shangazi aliomba tumpishe akae upande ule. Alinyanyua mikono akasoma Fatiha, midomo yake ikitikisika bila sauti. Mtoto wetu wa kati, yule aliyesema mzee anaogopa bure, alimtazama, kisha naye akanyanyua mikono, bila ya kuambiwa na bila ya kuuliza anaombewa nani.

Tulifika salama, alhamdulillahi, tukiwa tumechelewa siku mbili. Wahenga walisema kawia ufike. Tunawaombea wote watakaosafiri katika masika haya Mwenyezi Mungu awafikishe, awape subira ya kungoja, na aijaalie mvua hii iwe ya manufaa kwa wenye muhogo na kwa wenye mwani. Amin.